Wimbo wa ndoa ndani ya albamu ya majonzi: maswali yenu kuhusu "Lovesong"

Ndugu wahariri, nasikia "Lovesong" wa bendi ya The Cure ulikuwa zawadi ya harusi. Ni kweli, au ni maneno ya mashabiki tu?

Ni kweli, na aliyesema hivyo ni mtunzi mwenyewe. Robert Smith, mwimbaji na kiongozi wa The Cure, alimwoa Mary Poole tarehe 13 Agosti 1988 kwenye abasia ya Worth, kusini mwa Uingereza. Walijuana tangu shuleni, wakiwa na miaka 14 hivi, kwa hiyo walipofunga ndoa walikuwa wameshakaa pamoja karibu nusu ya umri wao. Zawadi ya bwana harusi ilikuwa wimbo huu.

Uliingia kwenye albamu ya Disintegration, iliyotoka Mei 1989, na Agosti mwaka huohuo ukatolewa kama singo. Uingereza ulifika namba 18. Marekani ulipanda hadi namba 2 mwezi Oktoba, ukazuiwa na kibao cha Janet Jackson kilichokuwa kimekalia kiti cha kwanza. The Cure hawajawahi kuwa na singo iliyopanda juu kuliko hiyo nchini humo.

Ukitaka kujua kwa nini zawadi hii ilikuwa na maana kwa aliyepewa, kumbuka kazi ya mumewe. Mwanamuziki wa bendi kubwa hukaa miezi njiani, na Smith wakati huo aliogopa ndege. Katika ziara ya mwaka 1989 walivuka Atlantiki kwa meli ya Queen Elizabeth 2. Mtu aliyekwenda Marekani kwa meli hawezi kuitwa leo akafika kesho. Ndiyo maana kiitikio kizima kinahusu mambo matatu: kuwa mbali, kukawia, na maneno yanayoweza kumtoka mtu akiwa huko aliko. Kwa kila moja ahadi ni ileile. Ni kiapo cha msafiri kwa mtu anayebaki nyumbani.

Wimbo huu unanichanganya. Maneno ni ya mapenzi, lakini muziki ni kama wa matanga. Tena wengine wanasema ni roki ya gothiki, wengine wanakataa. Nyie mnasemaje?

Tuanze na hilo la mwisho, halichukui muda. Roki ya gothiki ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 kutokana na bendi zilizotoka kwenye punk, roki ya haraka na ya kelele: Bauhaus, Siouxsie and the Banshees, na baadaye kidogo The Sisters of Mercy wa Leeds. Besi inatangulia mbele, gitaa linatoa mwangwi badala ya kelele, sauti ya mwimbaji iko chini, na mada ni kifo, usiku, dini na mapenzi yasiyotulia. The Cure walichangia sana kuijenga sauti hiyo, hasa kwa albamu yao ya Pornography ya mwaka 1982. Smith mwenyewe hajawahi kulipenda jina hilo. Sisi tunaona "Lovesong" una mwili wa gothiki na moyo wa wimbo wa pop, na ndiyo sababu ulivuka ukafika kwa watu ambao hawajawahi kupaka wanja mweusi.

Sasa huzuni. Kwanza tazama wimbo unakaa wapi. Disintegration ina nyimbo 12 kwenye CD, nyingi ndefu na nzito. Mmoja unapita dakika 9. Smith aliutunga mkusanyiko huo akikaribia kutimiza miaka 30, akiwa na wasiwasi wa mtu anayeona ujana unamponyoka. "Lovesong" ni wa nne katika mpangilio na ndio mfupi kuliko yote, dakika 3 na nusu tu. Ni kama chumba kimoja chenye taa katika nyumba yenye giza, na giza la vyumba vya jirani linapenya kwenye muziki wake.

Pili, sikiliza neno moja dogo: "tena". Kila sifa anayompa mpenzi wake inafungwa na neno hilo. Wakiwa wawili peke yao, anajiona yuko nyumbani tena, mzima tena, kijana tena, mwenye furaha tena, na kwenye ubeti wa mwisho yuko huru tena, safi tena. Toa neno hilo na unabaki na wimbo wa kusifu kama maelfu mengine. Likiwepo, unajua kwamba kabla ya kufika hapo mtu huyu alikuwa amepotea, amevunjika, amezeeka, amefungwa, na mwishowe amechafuka. Hayo yote hayatajwi hata mara moja. "Tena" peke yake ndiyo inayatangaza. Hilo la mwisho, "safi", ndilo linalotugusa zaidi. Nyumbani, ujana na uhuru ni maneno ambayo kila mtunzi wa mapenzi anayo mfukoni, lakini mtu hamwambii mkewe kwamba anamfanya ajione safi mpaka awe amejichukia kwanza.

Tatu, urahisi wa maneno. Smith amewahi kueleza kwamba ilimchukua kama miaka 10 kufikia mahali pa kuweza kuimba wimbo wa mapenzi ulionyooka bila kuona haya. Kabla ya hapo alificha hisia nyuma ya mafumbo. Hapa hakuna fumbo hata moja, na kwa mtunzi wa aina yake hilo ni jambo la ujasiri kuliko sitiari yoyote.

Rafiki yangu anashikilia kwamba mwimbaji anaaga kwa sababu anakwenda kufa. Nani yuko sahihi?

Wewe, kama unabisha. Hakuna kifo katika maneno ya wimbo huu. Rafiki yako amechukua mazoea ya roki ya gothiki, ambako mapenzi na kaburi hutembea pamoja, akayabandika hapa. Kuna kuondoka, na mwenye kuondoka anategemea kurudi.

Napiga gitaa mwaka wa pili sasa. Nimefuata akordi (noti zinazopigwa kwa pamoja) za wimbo huu, lakini beti zangu zinatoka na ladha ya Kihispania. Nakosea wapi?

Tunakisia bila hofu kwamba unapiga E meja mahali pa E maina. Beti zinashuka hivi: A maina, G, F, E maina. Mikono ya wapiga gitaa wengi imeshazoea ngazi inayofanana na hiyo ambayo mwisho wake ni E meja, ngazi maarufu ya flamenko, muziki wa Hispania, na vidole vinakwenda vyenyewe.

Tofauti ni noti moja. E maina ina E, G na B. E meja ina E, G kali (G iliyopandishwa nusu hatua) na B. G kali iko nusu hatua tu chini ya A, kwa hiyo inaivuta A kwa nguvu na sikio linasubiri kurudi nyumbani kwa kishindo. G ya kawaida iko hatua nzima chini yake, na mvuto huo haupo. Beti za "Lovesong" zinahitaji hali hiyo ya pili: zinazunguka na kuzunguka bila kutua, kama mtu anayepita chumba hadi chumba akimsubiri mwenzake. Ukiweka G kali umemwahisha kufika.

Dawa ni rahisi. Tazama uzi wa tatu ukihesabu kutoka uzi mwembamba. Kidole cha shahada kikikaa kwenye kituo cha kwanza cha uzi huo, umepiga E meja. Kiinue, uzi ulie wazi, na ubakize vidole viwili kwenye kituo cha pili cha uzi wa nne na wa tano. Rudia kuhama kutoka F kwenda E maina peke yake, polepole, mpaka kidole kile kizoee kuondoka. Kwenye F kinahitajika, na ndiyo maana kinang'ang'ania.

Ukishapata beti, angalia jambo ambalo wengi wanalipita. Kwenye beti noti za msingi zinashuka: A, G, F, E. Kiitikio kinaanza na F, kinakwenda G, kisha A maina, kisha C. Yaani ngazi imegeuka na sasa inapanda, na inageuka palepale ahadi inapoanza kutamkwa. Hii ndiyo siri ya wimbo wote kwa maoni yetu. Maneno ya kiitikio ni ya kawaida kabisa. Kinachoyapa uzito ni kwamba tumeshushwa kwa dakika nzima kabla ya kuyasikia. Kwa hiyo usiongeze nguvu ya mkono kwenye kiitikio. Acha akordi zifanye kazi.

Kuhusu sauti ya gitaa: tumia kifaa cha korasi, kile kinachoongeza nakala ya sauti iliyochelewa na kuyumba kidogo. Kasi iwe chini, kina kiwe nusu hivi. Kasi ikizidi, gitaa litasikika kama kaseti iliyochakaa. Weka korasi kabla ya mwangwi, na mwangwi uwe mfupi. Wimbo unakwenda karibu mapigo 140 kwa dakika, yaani pigo moja halifiki hata nusu sekunde. Mwangwi wa sekunde 3 utafunika mapigo karibu 7, akordi zitapandana na kushuka kule kutapotea. Kama mna mpiga besi, yeye ndiye apewe nafasi ya mbele. Simon Gallup wa The Cure hapo hasindikizi, anaongoza.

Nataka kumwimbia mchumba wangu kwa Kiswahili siku ya harusi yetu. Maneno hayakai kwenye tuni. Nisaidieni, na pia niambieni kama inaruhusiwa.

Hongereni. Shida yako ina sehemu mbili: idadi ya silabi na mahali pa mkazo.

Ahadi ya kiitikio katika Kiingereza ina silabi 6. "Nitakupenda daima" ina 8, ndiyo maana unajikuta unaikimbiza. Jaribu "nitakupenda tu". Ni silabi 6 kamili, inaishia na irabu ileile ya "u" inayofunga mstari wa asili, na hiyo "tu" inabeba maana iliyo karibu zaidi na wimbo kuliko "daima": iwe isiwe, nitakupenda tu. Kabla yake, "hata niwe mbali" ni silabi 6 pia. Kwa mstari wa kukaa sana huko, tafuta kitenzi "kukawia", kwa sababu kinamhusu anayesubiriwa.

Mkazo ndio unaoharibu wengi. Mstari wa kwanza wa asili unamalizika kwa silabi yenye mkazo, na noti inavutwa hapo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta "li" ya "mbali", neno linageuka kuwa geni masikioni. Vuta "mba" kwenye ile noti ndefu, kisha "li" iachie fupi mwishoni kabisa, kabla ya pumzi. "Tu" haina shida hiyo. Ni silabi moja, ivute utakavyo.

Kumwimbia mwenzako ukumbini ni jambo moja. Kurekodi tafsiri na kuisambaza ni jingine. Tafsiri ni kazi inayotokana na kazi ya mtu, na kuitoa hadharani kunahitaji idhini ya wenye haki za utunzi, si ya bendi iliyowahi kuuimba upya tu. Bendi ya 311 waliurekodi mwaka 2004 na mwimbaji Adele akauweka kwenye albamu yake iitwayo "21" mwaka 2011, lakini utunzi ulibaki wa The Cure. Sikiliza toleo la Adele kabla ya mazoezi, hata hivyo. Limepigwa taratibu na kwa ala chache, na litakuonyesha mahali pa kuvuta pumzi ukiwa unaimba bila bendi kamili nyuma yako.