Mchumba hataki nisomee upasuaji

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 27, ni daktari tarajali hapa Moshi na nimebakiza miezi mitatu. Nimeupenda upasuaji, lakini mchumba wangu wa Arusha anasema haoi mke wa kulala hospitali. Mama naye anataka nichague fani nyepesi, nizae mapema. Je, nijitese? – Binti wa Moshi*

Marahaba binti yangu. Hebu tupige hesabu kwanza, machozi baadaye.

Ubingwa wa upasuaji wa jumla ukiusomea KCMC, hospitali ya rufaa ya hapo Moshi yenye chuo chake, ni miaka minne. Ukipitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji chenye makao makuu hapo Arusha, ni mitano: miwili hadi mtihani wa uanachama, kisha mitatu ya ubingwa. Usikimbilie ile mifupi. COSECSA unajifunza ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. KCMC unahitaji ufadhili, au mwajiri aliyekupa ruhusa ya masomo kwa maandishi. Ukiondoka kwa ahadi ya mdomo, mshahara unaweza kusimama mwaka wa pili, na hapo hata ndoa tulivu hutikisika.

Usingizi wako utategemea zaidi idadi ya mnaogawana zamu. Mkiwa sita, kila usiku wa sita ni wako, na asubuhi raundi inakusubiri vilevile. Ukihitimu ukapangiwa hospitali ya mkoa ukiwa bingwa peke yako, kila utumbo uliotoboka na kila ngiri iliyonyongwa saa nane za usiku ni simu yako. Watu huuliza mshahara, hili hawaliulizi. Na Desemba, ukoo wote ukipanda Machame kula Krismasi, mwenye zamu anabaki mjini.

Kuhusu kuzaa, mama hajakosea kuuliza. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa mapacha. Mwanafunzi asiye na mkataba wa ajira asitegemee sheria hiyo: uliza idara, kabla ya kuomba nafasi, anayejifungua katikati ya masomo anafidia miezi au anarudia mwaka. Na ukishika mimba, mwambie mkuu wa idara mapema. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, ya mifupa ina mionzi, na pale wanapotumia halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, bila bomba la kutoa gesi nje, unaivuta siku nzima. Wengine huficha hadi tumbo lionekane, ilhali wiki za mwanzo ndizo mtoto anapojengeka viungo.

Fani nyepesi anayoisema mama huenda ipo ndani ya upasuaji wenyewe. Macho, au pua, koo na masikio, kazi yake nyingi hupangwa mchana.

Kabla hujaamua, omba wiki nne zaidi wodi ya upasuaji, na saa za thieta usizihesabu. Thieta kila mtu anaipenda. Angalia unavyojisikia siku ya tano mshono unapoanza kutoa usaha: unafungua nyuzi mbili, unaminya, unasafisha, na ndugu wamesimama mlangoni wakiuliza mbona alikuwa anaendelea vizuri. Kama kidonda hicho kinakuchosha kuliko kinavyokusumbua kichwa utake kujua kulikoni, nadhani unapenda kisu tu, nami nisingekushauri uendelee.

Sasa huyo kijana. Chukua ratiba ya zamu ya mwezi mzima ya daktari anayesomea ubingwa, kaeni Jumapili muisome pamoja. Muulize: mtoto ana homa na mimi niko zamu, anaamka nani? Akisema yeye, zungumzeni mtaishi Moshi au Arusha, maana kilomita 80 kwenda na 80 kurudi kila siku hazibebeki kwa mtu wa zamu. Akisema dada wa kazi, mpange na mshahara wake. Akisema ni wewe, mwombe mama asipokee mahari kwanza.