Maswali na Majibu: Je, Yesu Angeweza Kutenda Dhambi?

Nilipoandika juu ya zile siku 40 za Yesu nyikani, alikojaribiwa na Ibilisi, nilisema kwa kupita tu kwamba Kristo asingeweza kutenda dhambi. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua maswali machache, na yanayofanana nimeyafunga mzigo mmoja.

*Kama hakuweza kutenda dhambi, basi kule nyikani yalikuwa maigizo. Kuna ushindi gani katika pambano ambalo huwezi kushindwa?*

Hili ndilo swali la maana kuliko yote leo. Kosa lake ni kudhani kwamba uzito wa jaribu hupimwa kwa uwezekano wa kuanguka. Waulize manahodha. Majahazi mawili yametia nanga usiku wa kusi kali. Amari, yaani kamba ya nanga, ya moja inakatika saa nne usiku, ya pili inashika mpaka alfajiri. Ipi imeujua upepo ule? Sisi wengine hukatika saa nne, kisha tunajiona mabingwa wa kueleza majaribu yalivyo makali. Yesu aliubeba usiku mzima. Njaa ilikuwa njaa kweli, na mawe aliyoambiwa ayageuze mikate yalikuwa pale mbele yake.

Halafu tazameni hilo neno "hawezi". Zamani, kabla ya vikundi kuwa na masanduku ya makufuli matatu, fedha za kikundi cha kinamama mtaani kwetu zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, uvunguni mwa kitanda cha mama yangu. Mwaka mmoja nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wiki mbili nikalala chumba kimoja na fedha ambayo ingetosha ada na kubaki. Nilimsikia mama akigeuka geuka usiku, akiguna. Nilipomlalamikia jirani, alicheka: "Mama yako? Hawezi kugusa ile." Mikono alikuwa nayo, na kopo lile hata kifuniko hakikubana. Hakuweza kwa sababu ya alivyo, na bado aliumia usiku kucha.

Mfano huu una mwisho wake. Mama alikuwa binadamu kama mimi, na siku mbaya zaidi ingeweza kumkuta. Kwa Kristo, aliyesimama nyikani ni Neno mwenyewe, amevaa mwili wetu wenye njaa na uchovu. Asili, yaani hali ya kuwa mtu au kuwa Mungu, haitendi dhambi. Anayetenda ni mwenye asili hiyo. Na hapa mwenyewe ni mmoja tu, Mwana wa Mungu. Angetenda dhambi, Mungu angekuwa ametenda dhambi. Anayeona hilo linawezekana aniambie neno "Mungu" analitumia kwa maana gani.

*Yakobo 1:13 inasema Mungu hawezi kujaribiwa na maovu. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa. Biblia inajipinga?*

Swali hili huja kila mwezi, na kila mwezi mwulizaji anadhani amelivumbua yeye. Kwa uungu wake hajaribiwi, kwa ubinadamu wake alijaribiwa. Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilisema mwaka 451: mmoja yuleyule, asili mbili, bila kuchanganywa wala kutenganishwa. Na huo mstari wa Waebrania msiukatie njiani, someni mpaka "bila kufanya dhambi".

Jambo jingine: "kujaribu" kwetu ni kushawishi na ni kupima pia. Unajaribu kiatu dukani, hukishawishi. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina neno moja lenye kazi zote mbili. Ibilisi alikuja kushawishi, na papo hapo Mwana alikuwa akipimwa.

*Je, kujaribiwa ni dhambi?*

Hapana.

*Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe. Si hapo alipotaka kinyume cha Baba, hata kama ni kwa dakika moja?*

Kuogopa kifo si dhambi. Mwili ulioumbwa uishi hukikimbia kifo, na ungekuwa mgonjwa kama usingekikimbia. Dhambi ingekuwa kuinuka na kuondoka. Alichosema ni "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke".

Maneno hayo yaliwahi kumgharimu mtu ulimi. Katika karne ya 7 watawala wa Konstantinopoli walitaka amani ya kisiasa kwa fundisho kwamba Kristo ana utashi (uwezo wa kutaka na kuamua) mmoja tu, ule wa kimungu. Mmonaki Maksimo akakataa: kama hana utashi wa kibinadamu, nani basi alisema "si mapenzi yangu" pale bustanini? Wakamkata ulimi na mkono wa kuume, wakampeleka uhamishoni, akafa mwaka 662. Mwaka 681 mtaguso uliomalizika Konstantinopoli hiyohiyo ukakiri utashi mbili, wa kibinadamu ukiufuata wa kimungu pasipo kushindana nao. Hata Papa Honorius, aliyekuwa amekwisha kufa, akalaaniwa kwa kuupa nguvu upande wa utashi mmoja.

Nalieleza kwa urefu kwa sababu wahubiri wetu wengi wanarudia kosa lilelile bila kujua. Yesu wao hachoki, hashangai, haogopi. Ni Mungu aliyeazima kanzu ya mtu. Wakifika Gethsemane wanapita mbio.

*Mchungaji wetu anafundisha kwamba Yesu angeweza kushindwa. Nihame kanisa?*

Kaa hapo hapo. Wasabato wengi hufundisha hivyo, na hata Charles Hodge, Mpresbiteri wa Marekani wa karne ya 19 ambaye hakuna aliyemwita mzushi, alishikilia kwamba jaribu lahitaji uwezekano wa kuanguka. Mimi naona alikosea. Mwulize mchungaji wako kwa adabu, baada ya ibada, si katikati yake: Kristo bado ni binadamu leo mkono wa kuume wa Baba, je, bado anaweza kuanguka? Akisema hapana, mwulize ni nini kilichobadilika.

Ila mchungaji akianza kusema "hata Yesu alikuwa na tamaa kama zetu" wiki ileile minong'ono juu yake imeanza mtaani, hapo fungua macho.

*Rafiki yangu Mwislamu ananicheka: Mungu gani anajaribiwa na shetani?*

Mwambie kwanza mnapokubaliana: naye anaamini Isa hakutenda dhambi, maana kwao manabii ni maasumu, yaani wamekingwa na dhambi. Mnachobishania ni kwa nini hakutenda. Zungumzeni mkinywa kahawa, na msiupeleke mjadala huo kwenye mihadhara ya vipaza sauti; sijaona pale mtu aliyesikia hoja ya mwenzake.

*Kuwapindulia watu meza hekaluni si dhambi ya hasira?*

Kukasirika si dhambi. Wafanya biashara ndani ya nyumba za ibada ndio wanaolipenda swali hili.

*Mfupa wa Yesu ungeweza kuvunjika?*

Mnaona swali hili ni la kitoto, lakini limenifurahisha. Mfupa ulikuwa wa binadamu, na mfupa wa binadamu huvunjika. Maandiko yalikuwa yamesema hautavunjwa. Askari waliwavunja miguu wale wawili waliosulubiwa pamoja naye, kisha wakamjia yeye. Wakakuta amekwisha kufa.