Tanzanite kwenye pete ya uchumba

Dada, umeuliza kama tanzanite itafaa pete ya uchumba ya kuvaa kila siku, na ununue wapi. Kwa kila siku, mimi ningekushauri uiweke kwenye hereni au kidani. Ugumu wake ni kama 6.5 kwenye kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), na hata vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, zinazoweza kuikwaruza. Pete nayo inagonga sufuria, meza, mlango. Safaya, kito kingine, ina 9, na za Tunduru au Umba, Tanzania, zina rangi nzuri mno.

Kama moyo umeshaing'ang'ania tanzanite, mwambie sonara aizungushie ukingo wa dhahabu pande zote, asiishike kwa kucha nne tu. Asiisafishe kwa mashine ya mitetemo, wala asilehemu pete kito kikiwa ndani, kitapasuka. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha kabisa.

Kununua, nenda Arusha kwa mwenye leseni na udai risiti. Wakikuambia imechomwa (imepashwa moto) usiogope, karibu zote huchomwa kuondoa ukahawia. Igeuzegeuze juani: upande huu bluu, upande ule zambarau. Kioo cha rangi hakifanyi hivyo.