Shindano au bahati nasibu?

Duka moja hapa Makole limebandika: "Shindano! Nunua sembe, jaza kuponi, ujishindie pikipiki." Hilo nalo ni shindano? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Kuponi zinatumbukizwa ndooni, mtu anakoroga kwa mkono, itakayotoka ndiyo hiyo. Hiyo ni bahati nasibu, na kule kuchomoa ndiyo droo. Shindano linataka jasho, akili au ubora wa kitu: mbio, insha, au fahali anayekaguliwa na majaji Nanenane pale Nzuguni. Mimi hujiuliza hivi: anayejua zaidi ana nafasi kubwa zaidi? Kama mwenye kuponi kumi ndiye anayemzidi mwenye moja, basi ujuzi haumo. Nadhani mwenye duka amelikwepa neno "bahati nasibu" kwa sababu linanukia kamari. Lakini kubadili jina hakumtoi kwenye Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, wala mbele ya bodi inayoisimamia.

Timu "zinashinda mbuzi" au "zinashindania mbuzi"? (Kondoa)

Mpaka filimbi ya mwisho zinashindania. Ukisema timu imemshinda mbuzi, nitadhani walikimbizana naye! Mbuzi akikata kamba mkashindwa kumkamata, yeye ndiye amewashinda. Fainali ikiisha, waliotwaa kombe wamejishindia mbuzi. Watangazaji wa mpira hupenda "kuwania", nalo ni safi kabisa.

Tuzo na zawadi ni kitu kimoja?

Tuzo ni ya sifa ya kazi. Zawadi hata mjomba akitoka safari anakuletea. Wa droo apewe zawadi tu.

Mama yangu, mtu wa Mpwapwa, kwenye upatu wao husema "tupige kura" ilhali hakuna anayegombea. Amekosea?

Mwache mama. Vikaratasi vyenye namba vinakunjwa, vinatikiswa kikombeni, kila mmoja anaokota chake, wa kwanza kupokea anajulikana. Hiyo ndiyo kura ya asili. Kwa Waarabu, tulikolitoa neno, ilikuwa ya kubahatisha vilevile. Wagombea na masanduku yao ndio walioliazima.

Nimetumiwa meseji kwamba nimeshinda droo ambayo sikuicheza, nitume elfu ishirini ya "usajili". Hii nayo inaitwaje? (Kongwa)

Utapeli. Hela usitume, iripoti namba hiyo kwa kuituma kwenda 15040.