Anza na ofisi ya mtandaoni, miwani isubiri

Dada, umeuliza kama uinunulie timu yako ya wachora ramani za nyumba, wawili Ujiji na watatu Tabora, miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomfanya mtu ajione yuko ndani ya nyumba iliyochorwa, au mkutane kwenye ofisi ya mtandaoni. Anza na ofisi. Hata ukinunua miwani bado utahitaji jukwaa la kukutania, ila jukwaa kama Gather halidai miwani: linafunguka kwenye kivinjari cha kompyuta mliyo nayo. Kwenye skrini unasogeza kikaragosi chako, kijipicha kinachokuwakilisha, hadi meza ya mwenzako, mnaanza kusikiana na kuonana. Ukiondoka, sauti inakatika. Kwa kazi ya kuulizana kutwa nzima "huu ukuta tuusogeze wapi?", hilo linatosha kabisa.

Miwani ya Quest 3 ya kampuni ya Meta ilipotoka 2023 iliuzwa kuanzia dola 499 Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Zidisha kwa watu watano. Ina gramu 515, zote zinakaa usoni, na chaji hudumu takribani saa mbili. Kwa joto la Kigoma, mtu ataivua mapema.

Inapong'ara ni kwa mteja. Asiyejua kusoma ramani akivalishwa, akazunguka sebuleni kwake kabla tofali halijawekwa, anakuonyesha mwenyewe dirisha lililokaa vibaya. Hapo nunua moja tu, ya wateja, kazi mbili tatu zikishalipa.

Jukwaa lolote mtakalochagua, michoro yenu ibaki na nakala pembeni. Mozilla ilifunga Hubs, jukwaa lake la kukutania mtandaoni, mwaka 2024. Wiki ya kwanza zimeni kamera, mpime bando linavyokwenda.