Jibu: Mapigo ya mama yametulia kliniki, mlimani yanakimbia

Habari dada. Nimekuelewa hivi: mama yako moyo wake unapiga bila mpangilio, anameza digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, kliniki wanapata mapigo 72 kwa dakika, ila akipanda mlima kutoka Kibirizi, mwaloni kule ziwani, na beseni la dagaa yanafika 140 na anahema. Unauliza kama dawa ni feki.

Sidhani. Baba yangu hapa Ujiji alikuwa vivyo hivyo. Digoksini hufanya kazi zaidi kwa kuichochea vagasi, neva inayoutuliza moyo mtu akipumzika. Akianza mlima, vagasi inaachia, adrenalini inashika usukani, na dawa haifui dafu. Kwenye benchi la kliniki huwezi kuliona hilo.

Kwanza hesabu mapigo sekunde 60 kamili, si 15 mara nne, maana hayana mpangilio. Akiwa amekaa, kisha akifika tu juu. Andika kwenye daftari, umpeleke wiki hii hii. Baba aliongezewa bisoprololi, inayoizibia adrenalini njia. Kama mama ana pumu, semeni mapema. Na bisoprololi haiachwi ghafla: Baba iliwahi kumwishia masika, moyo ukaenda mbio usiku kucha, mimi nimemshika kiwiko hadi adhana ya alfajiri.

Anameza Lasix pia, ile dawa ya kukojoza maji? Ulizia kipimo cha potasiamu, madini ya kwenye damu ambayo Lasix huyapunguza. Ikishuka, digoksini huweza kugeuka sumu. Akianza kutapika au kuona vitu vya njano, msingoje tarehe ya kliniki. Dozi sitakutajia, hiyo ya daktari wake.