Ukanda wa WS2812B kwenye SPI ya Raspberry Pi 3: rangi zinarukaruka

Ndugu, umeuliza kwa nini ukanda wako wa taa za LED za WS2812B (kila taa ina chipu yake), uliouunganisha kwenye GPIO 10 ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3, yaani pini ya data ya SPI (njia ya kutuma data biti kwa biti), unawaka na kuzima ovyo, na ukiomba nyekundu unapata kijani.

La kijani ni jepesi: chipu hii hupokea kijani kwanza, kisha nyekundu, kisha bluu. Badilisha mpangilio kwenye kodi.

Kurukaruka ndiko kwenye kazi. WS2812B haina waya wa saa (mapigo ya kupanga muda), inapima muda tu, mikrosekunde 1.25 kwa kila biti. Ndiyo maana SPI inaendeshwa kwa megahezi 2.4 na kila biti ya rangi inatumwa kama biti tatu za SPI: 100 kwa sifuri, 110 kwa moja. Sasa, kwenye Pi 3 kasi ya SPI hufuata saa ya GPU (kichakata michoro), ambayo hupanda na kushuka yenyewe. Ifunge: andika core_freq=250 ndani ya config.txt (faili la mipangilio ya Pi), uwashe upya.

Ikiendelea kusumbua, pima volti. Ukanda wa volti 5 unataka data ifike 3.5, na Pi inatoa 3.3. Weka 74AHCT125, chipu ya kupandisha volti ya data, katikati. Na tafadhali unganisha graundi ya pawa saplai na ya Pi, wengi wanaliruka hili! Ukizidi taa 450 hivi, ongeza spidev.bufsiz=32768 kwenye cmdline.txt (faili la amri za kuwashia Pi), bafa ya kawaida ya SPI (nafasi ya kushikilia data kabla ya kutumwa) ni baiti 4096 na kila taa inakula 9.